Ngige Mbogo na Dirisha la Mlima

Ndugu wapendwa, mmeketi upande wa chini wa boma kwa sababu marehemu mwenyewe aliomba hivyo. Alisema hema lisivuke ule mstari wa migomba.

Marehemu Ngige Mbogo alizaliwa tarehe 14 Mei 1962 huko Tongaren, kifungua mimba wa Mzee Mbogo na Mama Ciru. Alisoma hapo hapo Tongaren hadi darasa la saba. Karo ya sekondari ilikosekana, naye hakunung'unika.

Mwaka 1981 alipata kibarua kwenye kitalu cha miche cha msitu wa serikali ulio hapa juu yetu. Ile miti ya saiprasi ya kilimani aliipanda yeye na wenzake mwaka 1984, katikati ya mahindi. Siku hizo kilima kilikuwa wazi, na kilele cha Mlima Elgon kilionekana chote. Hapo ndipo alipompeleka Gathoni wakichumbiana. Gathoni akasema, "Tukizeeka tutakuwa tukija hapa kuuangalia." Naye akamjibu, "Tukizeeka, hii miti itakuwa imetuziba macho." Walifunga ndoa kanisani Kibomet tarehe 12 Aprili 1986, na Mungu akawabariki na watoto watatu.

Miti ikaziba kweli. Mwaka jana vijana wetu, mwanawe Gicheru akiwa mbele, waliomba ikatwe ili wageni waone kilele, nao wapate kuuza chai. Wazee wengine walikataa, wakisema msitu ni wa umma. Marehemu, aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha msitu, alikubali kwa ajili ya Gathoni. Kibali kikatoka. Alipaka rangi miti michache ya kukatwa kwa mkono wake, ikakatwa mwezi wa tatu, na Gathoni akaketi juu ya kisiki akauona mlima wake. Siku hiyo marehemu aliimba njia yote kurudi nyumbani.

Mvua zilipoanza, upepo uliingilia pale palipoachwa wazi. Miti ya ndani ilikuwa imekua kwa kukingana, haikujua upepo. Ukaanguka mmoja, halafu wa nyuma yake. Tangu hapo kila dhoruba imechukua mti wake, na kila unaoanguka unalala karibu zaidi na boma hili na shule ya watoto wetu.

Februari mwaka huu kifua kilimshika. Alilazwa Bungoma, akarudi akiwa dhaifu. Hata kitandani alikuwa akiinua mkono tunyamaze, asikilize huko juu. Vijana waliporudi kuomba pale mahali papanuliwe, alimwita Gicheru.

"Mzee, si imeshaanza kuanguka yenyewe? Tumalizie tu."

"Nilifungua dirisha, mwanangu, sikuuliza upepo. Wewe usifungue mlango. Pandeni miti pale. Na watoto wasilale chumba cha upande wa juu."

Marehemu alituacha Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, jioni, mvua ikinyesha.

Amemwacha mkewe Gathoni, watoto wake Gicheru, Mary Ann na Mbogo, wajukuu watano, na mimi dadake Wangu ninayewasomea haya. Kikao cha kikundi cha msitu kuhusu ombi la vijana ni Alhamisi, na kiti cha babake sasa amepewa Gicheru. Jumapili tukiwa kwa maombi ulianguka mwingine, na matawi yake yamefika kwenye ua wa shule.

Kaburi tumelichimba upande wa chini, kama alivyotaka. Bwana ampumzishe ndugu yetu kwa amani, na upepo nao aupumzishe.