Kibuyu Kiko Juu, Kibuyu Kiko Chini

Zima hiyo redio, Muindi, na wewe Kalondu sogea hapa kitandani, keti mahali nitakuona bila kugeuza shingo, maana shingo yangu leo imegoma. Mama Kalondu, acha hizo ndengu, zitaiva zenyewe. Nisikilizeni, mke wangu na wanangu. Najua wazee wa Matinyani wakisikia nimetoa wosia watacheka mpaka meno ya bandia yaanguke, waseme wosia ni wa mtu mwenye mvi, na huyu Mwau kichwa chake bado ni cheusi ti. Wacheke. Figo haziulizi umri, na mimi tangu lini nikapanga foleni? Shule niliiacha darasa la sita kabla haijaniacha, nikaingia soko la mifugo Mwingi, na ndevu hazijaota wanunuzi wa kutoka Garissa walikuwa tayari wananitafuta mimi kwanza, niwaambie ng'ombe yupi ana homa. Jicho hili, wanangu! Mbuzi mgonjwa namjua akiwa bado juu ya lori.

Mali ni kidogo, nitaimaliza haraka. Nyumba na shamba la juu ni vya mama yenu, na asiulizwe na mtu yeyote wa ukoo anapanda nini. Mbuzi ni wenu nyinyi wawili, na Muindi, usiwauze ununue pikipiki, nakujua, umerithi tamaa yangu ukasahau kurithi akili. Lakini kile kipande cha chini, kando ya mto wa mchanga, pale tunapochimba maji, msikiguse, msikikodishe, msipande hata shina la muhogo. Hicho ni cha ndugu yangu Nyamai, baba yenu mdogo, ambaye hamjawahi kumwona, na yeye ndiye sababu ya kuwaita.

Tulipokuwa wadogo mimi nilikuwa nikirudisha mbuzi jioni, kwa hivyo mwezi mpevu niliuona ukitoka mashariki. Nyamai alikuwa akitoka na punda alfajiri kuteka maji kabla watu hawajajaa, kwa hivyo yeye aliuona ukishuka magharibi. Mama yetu alikuwa ametuambia yale madoa meusi ni mwanamke anayetoka mtoni. Basi mimi nikasema, naam, na kibuyu chake amekibeba kichwani, lile doa dogo la mviringo lililojitenga juu. Nyamai akasema, "Kibuyu kiko chini, karibu na miguu yake, amekiangusha." Tukapigana mpaka mashati yakachanika. Baba akatoka nje jioni moja, akatazama, akasema mbele ya majirani, "Nyamai, wewe ni mwongo. Kibuyu kiko juu." Mimi nilicheza ngoma hapo hapo, na nani asingecheza?

Lakini jina lilimganda. Kibuyu-Chini. Watoto waliliimba, wakubwa wakalichukua, na kijiji kizima ukitaka kusema fulani anadanganya, ulisema huyo ameona kibuyu chini. Halafu chui akala mbuzi wa baba, Nyamai akiwa zamu, akarudi analia, na baba akamwambia, "Umewauza Mwingi, Kibuyu-Chini." Hakuna aliyemwamini, hata mmoja. Akachukua blanketi, akaenda Makueni, na hata kwenye mazishi ya baba hakuja. Nasikia ana michungwa huko, imezaa mpaka matawi yanalala.

Sasa nyinyi mmekuwa mkinitolea kitanda nje kwa sababu ya joto. Mwezi uliopita ulipojaa niliutazama jioni, kibuyu kiko juu kichwani, kama kawaida, nikacheka peke yangu. Nikalala. Alfajiri kikohozi kikaniamsha, nikatazama magharibi, na wanangu, kibuyu kilikuwa chini. Kile kidoa chenyewe! Na lile doa jeupe lenye miale, lililokuwa mkono wangu wa kulia jioni, sasa liko kushoto. Mwezi haukubadilika. Umepita juu ya vichwa vyetu tu, na upande uliotangulia kutoka ndio huo huo unaotangulia kuzama. Ndugu yangu hakudanganya. Wala mimi sikudanganya, mniandikie hilo. Sote tulisema kweli, ila mimi niliisema zaidi kidogo.

Na msidhani jicho tupu linaona kila kitu huko juu. Madoa meusi unayaona, hata bila shule. Lile jeupe unaliona mwezi ukijaa. Lakini yale mashimo ya mwezi yaliyo kwenye kitabu cha Kalondu, tele kama vipele, huyaoni hata ukodoe namna gani. Bendera waliyoisimika huko wale waliofika mwezini haionekani, ingawa sokoni nimewaapia watu kwamba naiona, na waliniamini mpaka wakaongeza bei. Na mgongo wake, mwezi haujawahi kutugeuzia. Vile nilivyo na macho, nimelala hapa nikihesabu madoa ya kitu kilicho mbali vile, na Makueni hapo ng'ambo ya vilima sioni hata moshi. Sijui kama amenenepa. Sijui kama bado anacheka akiziba mdomo.

Kalondu alimpigia simu jana. Mwambie mama yako alivyojibu. Haya, nitasema mimi. Alisema, "Kama Mwau ananiita anigawie mbuzi, mwambie nilishawauza wote." Akakata. Nilicheka nikalia. Huyo ni Nyamai kabisa.

Kwa hivyo kesho Kalondu utaenda kwake. Usimwambie naumwa sana, atadhani ni mtego. Mwambie kaka yake ameona kibuyu chini, kwa macho yake, na amesema hivyo mbele ya watu. Ngoja... nipe maji. Kidogo tu.

Kama atafika nikiwa nimeshakwenda, yeye ndiye atupe udongo wa kwanza. Na kwenye mazishi, kabla ya mchungaji, mpeni nafasi azungumze. Aseme atakalo. Akisema nilikuwa mwoga wa chui, akisema nilikuwa sijui kupigana, akisema uongo mtupu kunihusu... mkae kimya. Mtu yeyote wa ukoo akimpinga, Muindi, mtoe nje. Siku hiyo ndugu yangu aaminiwe.

Sogeeni. Inamisheni vichwa, niwatemee mate ya baraka kama baba alivyofanya. Mdomo umekauka, mtapata umande tu. Mama Kalondu, shamba likukubali. Muindi, uwe... uwe na jicho. Kalondu, njia ikufungukie.

Nipe kiganja chako nikitemee. Hii ni ya Nyamai. Funga mkono. Usijifute mpaka Makueni.