Wimbo Kwenye Kifusi

Sogea, Elinaza, nawe Fortunata acha jiko kwanza, mnisikilize pumzi ingali ipo. Nyumba hii na mibuni iliyo nyuma yake ni yenu ninyi wawili, mgawane bila kupelekana barazani. Lakini yaliyotukuta kanisani mlisimuliwa na watu wa njiani, na mimi baba yenu sijawahi kuyatamka.

Mlikuwa mjini mwaka ule mvua zilipokataa kukatika. Jumamosi mchana, kwaya ikiwa mazoezini, mlima uliporomoka chini ya msitu wa Shengena ukalifunika kanisa letu, wanakwaya wote wakafa, dada yenu Careen akiwamo. Wenzake tuliwafukua tukawazika. Careen hatukumpata. Mchungaji alikuwa amelazwa Moshi, kwa hiyo usharika ukabaki mikononi mwangu mimi mwinjilisti, ambaye hata kwa mwanangu mwenyewe sikujua niombe nini.

Tukawa tunasali chini ya turubai, kando ya kifusi. Jumapili moja asubuhi ukungu ulishuka mpaka nikawa siwaoni waliokaa nyuma, na nilipokuwa nasoma Injili tukasikia kwaya. Ilikuwa inaimba kutoka chini ya udongo, taratibu, sauti zote nne, na kila mama pale alimtambua wake. Watu wakaanza kusimama. Loth, jirani yetu, akapaza sauti: "Mwinjilisti, tuambie ni nini hicho!"

"Sijui, Loth."

"Basi mwache huyo Mungu wako asiyekuambia kitu, tupeleke mbuzi wa tambiko msituni! Careen umemtoa kafara wewe, sasa unataka na watoto wetu waliobaki?"

Maneno hayo, wanangu, nilikaa nayo kifuani miaka. Lakini siku ile, kabla sijafungua kinywa, sauti moja ilijitenga na kwaya ikaniita kwa Chasu, lugha yetu ya Kipare, kama Careen alivyoniita akiwa mdogo akitaka nimbebe: baba, njoo, huku kuna baridi. Nikaweka Biblia chini nikaenda. Mara nikahisi mkono umenikamata koti. Alikuwa Dorkas, aliyepoteza mume na binti kwenye kwaya ile, ananivuta huku analia.

"Hata mimi naitwa, baba," akasema. "Lakini hapo mbele hakuna ardhi."

Ukungu ukapasuka kidogo, nikaona vidole vya miguu yangu vimeshapita ukingo wa korongo lililoachwa na maporomoko.

Sikuwa na mahubiri tena. Nilirudi nikapiga magoti matopeni, nikawaambia kwamba sijui kwa nini mlima ulishuka, wala sijui kesho tutakuwa wapi, ila leo Mungu yupo hapa, tumwombe ya leo. Tukaanza Baba Yetu, na tulipofika "utupe leo" nikashindwa kuendelea. Loth ndiye aliyeendelea, na wote wakamfuata. Na kule chini nao wakasali, neno kwa neno, wakiwa nyuma yetu kidogo. Hakuna aliyekimbia. Ukungu ulipoinuka, palikuwa kimya.

Ndivyo tulivyoishi, Jumapili baada ya Jumapili, tukiomba ya siku hiyo tu, wengine wakishikana mikono sauti zilipoita, ili asiondoke mtu, mpaka nikalitoa shamba langu la tangawizi liwe kiwanja, na kanisa hili mnaloliona likasimama. Shamba hilo msilidai. Loth alibeba mawe mpaka mabega yakachubuka, ila hakunisalimu tena, nami sikumsalimu. Mwiteni ashike jeneza langu, akae mbele. Mwambieni kwangu yamekwisha.

Maji... Asante, Fortunata, mama.

Nizikeni karibu na mama yenu, jua likiwa limetoka. Na mkisha kunizika... hapa mnisikilize vizuri... mkisikia nawaita kutoka kule kwenye kifusi, hata nikiwataja majina, hata nikilia, msije. Mimi nitakuwa kwa Bwana, na aliye kwa Bwana hamwiti mtoto wake... kwenye korongo. Salini, mrudi nyumbani. Mungu awashike, Elinaza... na wewe, mama... awashike leo... na ikifika kesho...