Kikosi cha Nne na Foleni ya Pai

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo chetu cha Copper Bluff, Dakta Ruth Villanueva, Mheshimiwa Meya, Kocha wetu Denise Rautio, Baba Mchungaji, uliyetuombea chakula na msimu mzima ukatuombea magoli, ndugu wazazi mliovuka theluji kuja hapa, mashabiki wenzangu, na ninyi mabinti wa timu ya hoki ya barafu, ambao itifaki inawataja mwisho ingawa bila ninyi ukumbi huu usiku wa leo ungekuwa wa bingo: hamjambo?

Mimi ni Lorna Pelkie, mwenye saluni iliyo mkabala na posta. Mashabiki wamenichagua niwasemee kwenye chakula hiki cha kufunga msimu, eti kwa sababu nina mdomo. Sikatai.

Ndugu wageni waalikwa, nina swali ambalo limeninyima raha tangu Januari. Inakuwaje timu iliyojaa vipaji namna hii icheze kama malaika mpaka Krismasi, kisha Februari ikifika icheze kama imeazima miguu? Na huu ni msimu wa tatu mfululizo! Nani amesahau Novemba, nahodha wetu Brigit Sauvé alipokuwa akiwapita mabeki kama anayepita sebuleni kwake, nasi tukaanza kuulizana bei za hoteli kwenye mji wa fainali? Na nani amesahau Februari? Mimi nilitupa kofia yangu chini nikaikanyaga, na kofia ile nilifumiwa na mama mkwe. Nilikasirika, jamani. Nilikasirika mpaka nikachoka, na nilipochoka ndipo nikaanza kudadisi.

Saluni ni mahali pazuri pa kudadisi, maana mtu aliyefungwa kitambaa shingoni hana pa kukimbilia. Nikaanza na Mzee Toivo, yule pale anayejificha nyuma ya ua la mezani.

"Nguvu za soda hizo, Lorna," akaniambia. "Wasichana hawana pumzi."

"Hawana pumzi, nao wanapanda kile kilima mbio kila asubuhi wewe ukiwa umelala?"

"Basi ni kocha."

"Kocha si yuleyule wa Novemba?"

"Basi ni dubu!"

Nikazima mashine ya kunyolea. Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, wewe umetufikia kutoka Arizona, hivyo nikudokeze kidogo. Sisi wajukuu wa Wafini husema kwamba katikati ya Januari, siku ya Heikki, dubu hugeukia ubavu wa pili usingizini, na mfugaji mwenye akili siku hiyo bado ana nusu ya nyasi zake ghalani. Aliyezimaliza kabla dubu hajageuka, ng'ombe wake hawataiona Aprili. Mzee Toivo alikuwa akitania, lakini mimi neno lile liliniganda. Je, nyasi zetu sisi zinakwisha wapi?

Mnajua timu ina vikosi vinne vinavyopokezana barafuni, kila kimoja kwa muda mfupi, ili wengine wapumue. Kwetu kikosi cha nne hakikai barafuni hata muda wa kupiga chafya. Kwa nini? Kocha Denise alipokuja kupaka rangi nywele, nilimuuliza. Alinijibu nilipokuwa namsuuza.

"Bi Lorna, nikiwaingiza, nasikia viti."

"Viti gani?"

"Vyenu."

Ndugu zangu, viti vya uwanja wetu ni vya mbao, na ukiinuka vinajikunja vyenyewe: kap! Na ni lini sisi huinuka? Hakuna aliyetunga sheria, lakini tunaifuata kuliko amri za Mungu: kikosi cha nne kikiingia, tunakwenda kununua pai za nyama. Nani atakwenda Brigit akiwa anacheza? Basi uwanja mzima unalia kap, kap, kap, kocha anasikia tunamwambia "watoe hao", anawatoa, na Brigit anarudi barafuni hajameza hata mate; ndivyo nyasi zetu zinavyokwisha kabla dubu hajageuka. "Ni udhaifu wangu," kocha akaniambia, "lakini na mimi nina masikio."

Sisemi nimepata jibu lote. Kipa wetu aliumia goti, na wapinzani wetu wa ng'ambo ya ziwa wana kipa mkubwa kama mlango wa ghala. Lakini kuuliza si ujinga, na nilikuwa bado naulizauliza pale Maren Kallio alipoingia saluni, siku moja baada ya sisi kutolewa robo fainali.

Maren yuko kikosi cha nne, mwaka wa tatu kati ya minne chuoni. Mnajua mabinti hawa hawakati misuko yao mpaka siku wanapoiacha timu. Akakaa kitini, akauvuta msuko wake mbele.

"Kata, Bi Lorna."

"Si bado una mwaka mzima?"

"Najua. Kata tu."

"Mwanangu, goli letu la jana si umelifunga wewe?"

Akanitazama kwenye kioo. "Uliliona?"

Nilikuwa kwenye foleni ya pai. Nikageuza maneno, nikamuuliza kama vile viti wanavisikia.

"Sisi benchi hatuhitaji kuitwa," akasema. "Viti vikilia, tunajua ni zamu yetu." Na alicheka aliposema hivyo. Kicheko kile kiliniuma kuliko Februari yote.

Nikamwambia mkasi umepelekwa kunolewa, arudi Jumatatu. Mkasi ulikuwa mfukoni mwangu.

Tangu siku ile nauliza mji mzima: nani aliliona goli la Maren? Goli letu pekee katika mechi tuliyofungwa mbili kwa moja! Mzee Toivo aliona mabinti wakikumbatiana tu. Baba Mchungaji alikuwa chooni. Brigit alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu. Kamera ya chuo ilikuwa ikionyesha watoto wanaocheza kwenye foleni. Iliporudi, kile kisahani cheusi wanachokichezea badala ya mpira kilikuwa tayari kimelala wavuni. Nilimpigia simu hata mama wa kipa aliyefungwa, akanijibu kwamba mwanawe hataki kulizungumzia. Hapo ndipo nilipopagawa kabisa. Ni goli gani hilo ambalo kipa hataki hata kulitaja?

Maren, binti yangu, Jumatatu mkasi utakuwepo, na nywele ni zako. Sitakusihi mbele za watu. Nakuomba kitu kimoja tu: pita hapa mbele utusimulie lile goli, polepole, tangu ulipokipata kisahani. Akina mama wa jikoni wameniahidi kwamba hakuna pai itakayotoka mpaka umalize.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, kocha, mabinti, ahsanteni kwa msimu huu, na Februari yake. Na ninyi mashabiki, ahsanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa kaeni hivyohivyo mlivyo, asiinuke mtu, tumsikilize yeye.