Pauni Mia Moja na Themanini na Saba za Enid Colclough

Ndugu waombolezaji, zile pauni mia moja na themanini na saba ambazo shemeji Wilf, mume wa marehemu, amesema hapo mlangoni, jeneza likiwa bado begani mwa watu, kwamba si za kusomwa kanisani, zitasomwa, tena mahali pake na kwa tarehe yake, kwa maana Mchungaji aliuliza kama ni uongo na hakuna aliyethubutu kusema ni uongo. Anayesoma kwa niaba ya familia ni Norah, mdogo wake marehemu, ambaye shule aliiacha akiwa na miaka kumi na mitano na mengine kayatafuta mwenyewe kwa kuuliza, na atakayekwazika atamkuta nje wakati wa chai.

Marehemu Enid Colclough alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1940 hapa Longton, mtoto wa kwanza wa Harold na Edith Bloor, baba akiwa mchoma vyombo vya udongo na mama mfua nguo za watu, akasoma shule ya mtaa hadi Krismasi ya mwaka 1955, mwalimu akaandika kwamba ana mkono mtulivu, na hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kuandikiwa na mtu mwenye cheo.

Mwezi Januari 1956 aliingia kiwanda cha vyombo cha Hulse, akafundishwa kupiga mstari wa dhahabu, kazi ambayo sahani huzunguka juu ya kigurudumu, brashi ikakaa palepale na mpigaji akabana pumzi, kwa sababu dhahabu ikitetemeka haifutiki. Kila fundi alikuwa na alama yake chini ya sahani, ya Enid ilikuwa nukta yenye bawa moja, na sahani hizo zimekula karamu katika nyumba ambazo yeye asingeruhusiwa kupita mlango wa mbele.

Aliolewa na Wilfred Colclough, dereva wa basi, Jumamosi tarehe 16 Juni 1962, katika kanisa hilihili, na tarehe 3 Machi 1964 wakampata Janet, mtoto wao wa pekee, aliyekaa pale mbele. Waliishi kwa desturi ya mitaa yetu, mume akiweka fedha za matumizi mezani kila Ijumaa bila mke kujua amelipwa ngapi, na mke mwenye kazi naye akifunga mdomo kuhusu bahasha yake ya mshahara, na ndoa nyingi za hapa zimefika uzeeni kwa watu kutoulizana.

Janet alipokuwa mdogo Enid alifanya kazi Jumamosi tu, kwenye duka la chapati za shayiri, kisha Jumatatu tarehe 13 Mei 1974 akarudi kwa Hulse kwa pauni ishirini na nne kwa wiki, akaulizwa kama ana kazi nyingine, akasema anayo, maana alisema kweli siku zote hata pale ilipomgharimu. Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo wengi husinzia na kuibiwa: kila mfanyakazi ana kiasi cha mwaka ambacho serikali haikigusi, na wakati ule cha mwanamke mwenye kazi kilikuwa pauni mia sita na ishirini na tano, karani akikiandika kwa kifupi 62 na herufi L kando ya jina lako, lakini kiasi hicho hukaa kwenye kazi moja tu, nacho kilikuwa kimekaa kule kwenye chapati, hivyo kwa Hulse alikatwa peni thelathini na tatu kwa kila pauni, tangu pauni ya kwanza. Mwezi uliofuata duka la chapati likafa, wakapigilia mbao mlangoni, na nafuu ya kodi ya Enid ikabaki mle ndani kama taa inayowaka katika chumba kisicho na mtu, huku yeye akipoteza karibu pauni nne kila wiki.

Wenzake wa benchi walimwambia, “Nyamaza wewe, kazi ya pili hukatwa zaidi, ndivyo ilivyo duniani,” naye akajibu, “Ya pili baada ya ipi, jamani, na ya kwanza imekufa?” Akaenda dirisha la mishahara, karani akamwambia bila kuinua uso, “Mimi nakata kama nilivyoandikiwa, mama. Mwambie mumeo awaandikie watu wa kodi.”

Kwa maana ndivyo sheria ilivyosema miaka ile, kwamba mshahara wa mke ni mapato ya mume, na Enid hakutaka kumwambia mume, kwa sababu alikuwa akidunduliza, na huko Hanley kulikuwa na tanuri dogo la umeme, lililotumika, likiuzwa pauni mia moja na sitini, ambalo angeliweka katika chumba cha kufulia achome sahani zake mwenyewe, zenye jina lake zima badala ya nukta na bawa. Alikwisha kutoa pauni tano za kulishikilia. Basi Januari 1975 akawaandikia mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri, na jibu likaja kwa Bwana W. Colclough, kuhusu mapato ya mkeo.

Shemeji alilisoma wakati wa kifungua kinywa, akasema, “Ishirini na nne! Na mimi Ijumaa nakuwekea kumi na mbili hapa kama bwege?” Enid akamwambia, “Viatu vya Janet unadhani vimeota kwenye uzio?” lakini tangu wiki ile kumi na mbili zikawa nane, na Alhamisi tarehe 19 Juni 1975 ikaja hundi ya kodi iliyokatwa kupita kiasi, pauni mia moja na themanini na saba, kwa jina la mume. Enid alisema, “Wilf, hizo ni mstari wangu wa dhahabu,” naye akasema, “Soma jina, kipenzi.” Kwa fedha hizo akajenga banda la njiwa wa mashindano ya kuruka, la mbao nzuri, lililopakwa kijani na nyeupe, likitazamana na dirisha la jikoni, ambapo marehemu aliosha vyombo kwa miaka karibu thelathini iliyofuata. Tanuri likauzwa kwa mwingine na pauni tano zikapotea.

Mwaka 1990 sheria ilipompa kila mke hesabu yake ya kodi, Enid alipokea karatasi yenye jina lake, akaigeuza upande wa pili, akasema, “Wamechelewa,” akaenda kuchemsha viazi.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1998. Mwaka 2003 mkono wa kulia ulianza kutetemeka, akauficha chini ya aproni hadi kikombe kilipomponyoka, ugonjwa ukashuka miguuni kisha ukafika kooni, na Jumanne tarehe 8 Novemba 2011, saa nne asubuhi, akafariki akiwa na Janet, ameacha mume, mtoto na wajukuu wawili. Wiki iliyopita Janet aliomba kaburi lipate kigae cha jina chenye mstari wa dhahabu, akajibiwa na baba yake, “Fedha za mapambo sina,” na mchana uleule gunia la chakula cha njiwa likashushwa mlangoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomlisha kwa subira, majirani waliopokezana kumgeuza kitandani, na akina mama wa benchi la dhahabu waliokuja leo na mikongojo yao. Enid, shusha brashi, vuta pumzi uliyoibana, na ulale kwa amani.

Shemeji Wilf, riba hatutaki, na maneno hatutaki. Tunadai pauni mia moja na themanini na saba, taslimu, mkononi mwa Janet, leo, kabla chai haijamiminwa.