Kompyuta Iliyozimika Mzee Talha Akiondoka

Jumatatu tarehe 30 Juni, Mzee Talha Mwishehe atafunga mlango wa maabara yetu kwa mara ya mwisho na kukabidhi funguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne ya utumishi kama fundi sanifu wa maabara, kumi na tisa kati ya hiyo akiwa nasi hapa Kiwalani.

Kamati ya sherehe ya kumuaga imenipa mie, Jovina, karani wa shule, kazi ya kuandika wasifu wake. Wamenionya nisitie chumvi. Sitatia. Nina jambo la kukiri, na hilo peke yake linatosha kujaza ukurasa.

Mzee Talha ni mwenyeji wa Kisarawe. Alianzia kazi katika shule mbili za Temeke, kisha akahamia kwetu, na tangu aje hakuna hadubini hata moja iliyopotea. Wanafunzi walimpachika jina la Mzee Andika, maana jambo lolote likitokea, neno lake la kwanza ni hilo. Bomba likivuja, andika saa ngapi. Taa ikizimika, andika. Siku moja vitumbua vya chai viliisha kabla walimu wa zamu hawajafika, akaandika na hilo, na orodha ya waliokula viwili viwili ikabandikwa ukutani. Mie nilikuwa namba tatu.

Kompyuta ya ofisi yangu aliiunda yeye. Alinunua vipande Kariakoo, kimoja kimoja, akaviunganisha nyumbani kwake juu ya meza ya kulia chakula. Mkewe anasema familia ilikula mkekani wiki mbili nzima. Siku ilipokamilika aliileta kwa bajaji, ameipakata mapajani, imefungwa khanga, utadhani anatoka nayo kliniki.

Ikafanya kazi miaka miwili bila kelele. Halafu ukaja Februari 2021, wiki ya mwisho ya kusajili watahiniwa wa kidato cha nne.

Watahiniwa walikuwa 187. Mwisho wa kuingiza taarifa zao ulikuwa Ijumaa saa kumi jioni. Jumatatu asubuhi nikaanza. Wanafunzi sita, saba, halafu pwaa, skrini nyeusi. Nikawasha upya. Yale niliyokuwa sijahifadhi yamekwenda. Nikaanza tena, ikazima tena. Kompyuta nyingine hatukuwa nayo, na mkuu wetu, Madam Atuganile, alikataa katakata taarifa za watoto wa watu zipelekwe steshenari.

Mzee Talha alikuja na bisibisi yake. Akafungua, akapuliza vumbi, akabadili waya, akahamisha soketi. Ikawaka. Akakaa nayo saa mbili nzima bila mashine hata kukohoa. Akarudi maabara. Haikupita saa moja, pwaa.

Jumanne hivyo hivyo. Jumatano alitoa ramu, kile kipande cha kumbukumbu, kwenye kompyuta yake ya nyumbani akaiweka kwangu, akabadili na pawa saplai inayoingiza umeme. Ilikuwa nzima mbele yake, akaondoka, ikafa. Walimu wakaanza maneno, kwamba ndiyo mambo ya kuunda vitu kwenye meza ya ubwabwa. Yeye alikuwa akisikia, akaendelea kukaza skrubu.

Alhamisi alikuja mzazi, Bi Zuena, anayeuza nazi sokoni Buguruni, kuuliza kama jina la binti yake limeingia. Lilikuwa limeingia mara mbili na kupotea mara mbili. Nilishindwa kumtazama usoni. Jioni yake majina yaliyosalimika yalikuwa 61 tu, na Madam akasema mbele ya ofisi nzima kwamba likikosekana jina la mtoto hata mmoja, barua ya maelezo ataiandika yeye mwenyewe, na mstari wa kwanza utakuwa na jina la aliyeiunda hiyo mashine. Mzee Talha alitoa daftari lake akaandika saa. Roho iliniuma sana.

Ijumaa alikuja bila bisibisi. Mkoba begani, mkononi daftari lake tu. Alikuwa ameandika kila mzimiko, siku na saa. Mizimiko yote kumi na mmoja ilitokea yeye akiwa hayupo.

"Kwangu haizimiki, inazimika kwako," aliniambia. "Leo sigusi kitu. Fanya kazi kama mie sipo."

Niliona kama nashutumiwa uchawi, lakini nikakaa, nikaanza kuchapa. Yeye akaketi kwenye benchi la wageni. Mara malori mawili ya kokoto, yale yaliyoanza kupita barabarani kwetu wiki ile, yakapita, vumbi likaingia dirishani. Nikainuka, nikatoa kitambaa changu kwenye droo, nikalivisha boksi la mashine, lile lililo kando ya skrini, kama kila siku ya wiki ile.

Kitambaa hicho nilikishona mwenyewe. Nje kitenge, ndani kipande cha blanketi, chini lastiki ili kikumbate vizuri. Kwetu Bukoba redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, hata chupa ya chai. Kitu cha thamani kikikaa uchi, anayeaibika ni mwenye nyumba. Mzee Talha alijua ninacho, ila alidhani naivisha jioni, ikishazimwa, kama watu wengine. Na kila ilipojizima nilikuwa nakivua kwanza ndipo namwita, maana humwiti fundi ukampokeza kitu kimefunikwa. Siku zote nne alikuwa akiikuta imevuliwa.

Alinyanyuka pale benchi. Akaweka kiganja nyuma ya kile kitambaa, pale feni inapotolea hewa, akaniashiria kwa kidevu niweke na changu. Palikuwa pa moto kama sufuria ya chai. Nilielewa palepale, na wakati huohuo nikasikia viatu vya Madam mlangoni.

"Nimeliona kosa, Madam," alisema Mzee Talha. "Ni la fundi. Hewa ya moto ilikosa pa kutokea."

Madam alipofika mezani, kitambaa kilikwishazama kwenye mkoba wa Mzee.

Basi akavuta kiti. Yeye anasoma majina, mie nachapa. Hatukunywa chai wala hatukunyanyua macho, isipokuwa alipotoka kidogo kwenda kuswali, akarudi mbio. Jina la binti wa Bi Zuena alilisoma mara mbili ili nisikosee herufi. Saa tisa na dakika arobaini nikaingiza la 187. Madam alimpa mkono, kisha akamwambia kwamba safari ijayo shule itanunua kompyuta iliyotengenezwa kiwandani. Akajibu, sawa Madam.

Na mie nilinyamaza. Miaka minne kisa hiki kimesimuliwa kwenye vikao kama kichekesho cha kompyuta ya Mzee Talha iliyotaka kutuaibisha, na kila kikisimuliwa nilicheka pamoja na wengine. Ndiyo aibu yangu kubwa kuliko ya kitambaa.

Wiki iliyopita, tukikabidhiana nyaraka, alinipa madaftari yake yote. Nikafungua ukurasa wa ile Ijumaa. Ameandika: "Sababu: joto. Fundi hakuuliza mashine inashindaje." Jina langu halipo. Chini ya madaftari kulikuwa na kitambaa changu, kimefuliwa, kimepigwa pasi. Nyuma kimekatwa mraba, na mkewe amepashonea kipande cha chandarua. Nilimuuliza kwa nini amekaa nacho muda wote huo. Akasema angenirudishia mapema, watu wangeuliza kilikuwa wapi.

Kwa hiyo, Mzee Andika, leo naandika. Februari 2021, mashine yako haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la Jovina, na iwekwe kwenye kumbukumbu za shule. Madam amesoma ukurasa huu kabla haujachapwa. Ameomba nafasi ya kuzungumza siku ya sherehe, na amesema anaanza na samahani.

Kompyuta yako bado inafanya kazi. Ndiyo iliyochapa maneno haya, imevaa kitambaa chake, na nyuma inapumua.

Ahsante kwa yote, Mzee wetu. Nenda Kisarawe ukapumzike, afya iwe nawe na Bibi, na nyumba yenu ipitishe hewa kila upande.