Chai Ipo Hata Kesho

Tarehe sita Januari mwaka 1987, saa tisa na dakika kumi alasiri, ndipo nyumba hii ilipompoteza mwenyewe. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nikiitazama ukutani, naye baba yenu alikuwa angani na ndege yake, na mimi nilikuwa nimeshika redio ya kuitana mkononi.

Sikilizeni, wanangu. Evon, zima televisheni. Nastasia, niinulie mto kidogo; hapo, basi. Nawe Iraluq, kaa miguuni pangu nikuone. Asubuhi nimeungama kwa padri na amenisomea dua, lakini kuna neno moja ambalo padri hawezi kunipokelea, ni lazima mlipokee ninyi.

Kwanza vitu, maana vitu ni vyepesi. Kibali cha kuvulia samoni na nyavu zote ni vya Evon. Kambi ya kukaushia samaki, pamoja na sanamu takatifu ya mama yangu iliyo kona ile, ni ya Nastasia, naye asimfungie mlango nduguye yeyote. Mashua imeshauzwa, na fedha yake ni ya Iraluq, anunue ndege.

Usilie, mwanangu na mume wangu. Ulizaliwa miezi mitatu baada ya kumzika baba yako, ukapewa jina lake, na kwetu aliyepewa jina la marehemu amekalia kiti chake. Ndiyo maana mpaka leo nakutilia sukari vijiko vitatu kama alivyokunywa yeye, na ndiyo maana kaka yako, na ndevu zake zote, hukuita baba kila anapotaka kukuomba kitu. Miaka minne una leseni ya urubani, na miaka minne nimesema sitaki ndege mlangoni pangu. Leo naliondoa neno hilo.

Lakini sikia namna ya kuchagua. Evon amekuonyesha picha ya ile nyekundu ya viti sita. Nilimsikia jikoni akisema, "Baba, hii utapakia ukoo mzima!" Evon, huo ukoo mzima ndio nisiotaka upakiwe. Ndege huchaguliwa kwa kiwanja itakapotua, si kwa macho ya mnunuzi. Kiwanja chetu ni kifupi, cha changarawe, na wakati wa mawindo utatua kwenye fungu la mchanga katikati ya mto. Ile kuukuu ya viti viwili, yenye gurudumu mkiani, hiyo ndiyo yako. Ila usiipende kabla ya kuifunua. Vyaelea vimeundwa, na kilichoundwa huoza. Soma daftari lake la matengenezo ukurasa kwa ukurasa. Ukikuta mwaka usio na neno, uliza mwaka huo ndege ililala wapi, na muuzaji akikujibu kwa kicheko, mwachie ndege yake. Kutu hukaa chini ya kitambaa cha mabawa, pasipoonekana. Na fundi wa kuikagua asiwe wa muuzaji. Awe Gusty.

Ndiyo, Gusty. Najua. Evon, usitazame dirishani, nitazame mimi.

Mmekua mkiambiwa kwamba Gusty aliifunga vibaya injini ya baba yenu. Amu yenu alilisema hilo kaburini, na mimi nilisimama pale na kitambaa changu cheusi, sikumkanusha. Gusty alikuwa ameifikia ndege ilikoanguka mlimani, siku ya tatu, akarudi akaniambia kwa upole, "Mama Evon, mapangaboi ya mbele yamejikunja. Injini ilikuwa inavuta mpaka mwisho." Amu yenu akamjibu, "Unajitetea, muuaji!" Basi. Miaka ishirini na minne waimbaji wa Nyota, wapitao nyumba kwa nyumba, wanaingia humu Krismasi yetu ya Januari, tunamlisha kila mmoja, hata mlevi, lakini kikombe kikifika kwa Gusty kinamruka. Naye kila mwaka anakuja, anasimama mlangoni, anaimba mpaka mwisho, anaondoka na kiu yake.

Sasa pokeeni. Baba yenu alikwenda ng'ambo ya milima kwa dada yake, kuchukua mafuta ya sili na samaki wakavu wa karamu. Akashika njia ya kurudi. Saa tisa nikamsikia redioni: "Nimefika mdomo wa bonde, mawingu yamekaa chini. Nageuka, nitalala kwa dada." Mnasikia? Alikuwa anageuka. Nami nilikuwa na sufuria nne jikoni na mimba kubwa, na redio ile kila nyumba huisikiliza, nikabonyeza nikasema, "Nyota ije kwenye nyumba isiyo na mwenyewe? Wenzako wote wamefika, wewe unaogopa moshi?" Watu wakacheka redioni. Mmoja akasema, "Ndugu, leo utalala na mbwa!" Kisha baba yenu akasema, "Haya, mama watoto. Weka chai."

Nikaiweka.

Ulimi uliponza kichwa, lakini kichwa hakikuwa changu. Kijiji kizima kilinisikia, wanangu, na katika miaka yote hii hakuna hata mmoja aliyewaambia ninyi. Walinihurumia. Gusty naye alikuwa na redio. Alinisikia, akaubeba mzigo wangu, asifungue kinywa.

Maji, Nastasia. Asante.

Iraluq, mengine unayajua kuliko mimi, lakini mama ni kurudia. Kila asubuhi pitisha kiganja juu ya bawa; ukihisi barafu, hata iwe nyembamba kama karatasi, ifute yote au usiondoke. Toa maji chini ya tangi la mafuta. Nyama ipime kwa mizani, usiipime kwa njaa yetu. Vaa kama mtu atakayelala porini. Na ukifika mdomo wa bonde ukaona mawingu yamekaa chini, geuka, kama alivyogeuka baba yako mara ya kwanza. Ile mara ya kwanza alikuwa rubani mzuri. Rithi hiyo.

Na ninyi mnaobaki chini, huu ndio wosia wangu hasa. Redio hii ni ya nyumba nzima. Aliye hewani msimuulize atafika saa ngapi. Msimwambie nani ameshafika. Mwambieni hali ya hewa ya hapa kwa ukweli, kisha semeni, "Chai ipo hata kesho." Basi. Hata kama ni harusi. Hata kama ni maziko yangu. Iraluq, ukiwa ng'ambo nitakapofukiwa na mawingu yapo chini, lala kwa shangazi yako. Nitakuelewa.

Evon, kesho nenda kwa Gusty. Usitume mtu. Mwambie mama amesema kweli. Nyota ikija mwaka huu, bakuli la kwanza la akutaq, mafuta yetu ya kupigwa, lenye matunda mengi, mpeni yeye, na kikombe, na kiti... kiti cha baba yenu. Iraluq, utampisha?

Ameitikia kwa kichwa. Nimeona.

Leteni mikono. Mungu awafungulie njia za juu na za chini, awape... awape subira, muwe wazee wenye wajukuu wengi. Washeni mshumaa ule. Sina sauti, imbeni ninyi, mimi nitafuata.

Ee Bwana, umpumzishe mtumishi wako Iraluq, mume wangu, mahali pa nuru, pasipo baridi, pasipo mawingu. Umsamehe aliyemwita. Na kumbukumbu yake... iwe ya milele. Iwe ya milele.