Tairi Lililotoka Mbele Kushoto

Sogeeni karibu, wanangu, na mmoja wenu afungue hilo dirisha, maana leo nataka kusikia kinachofanyika uani. Mama yenu kaeni naye hapo mlangoni, asichoke kusimama. Nitaanza na jambo lililonishinda, kwa sababu mtu akiondoka aache pia asichokijua, si mali peke yake.

Pikapu ile niliichukua ikiwa mpya, viti vyake bado vimevaa nailoni, na chini yake matairi manne ya kiwandani, na la tano, la spea, likining'inia kwa mnyororo chini ya bodi. Aliyeniuzia aliniambia, "Bwana, haya usiyategemee. Kiwandani wanafunga matairi laini ili gari jipya lisipige kelele. Wewe na mzigo wako wa viti vya kukodisha, miaka miwili utakuwa umerudi kwangu." Nikamwambia tutaona. Mimi nikiambiwa kitu hakifiki, hapo ndipo ninapotaka kukifikisha. Nilipima upepo asubuhi kabla magurudumu hayajapata joto, sikupanda ukingo wa barabara hata nikiwa na haraka, sikupakia viti kwa tamaa, na kila nilipobadilisha oili niliyahamisha, ya mbele yakaenda nyuma na ya nyuma yakaja mbele, ili lisiwepo hata moja linaloumia kwenye kona moja maisha yake yote. Matatu yalinifikisha kilomita elfu themanini na ushei. Yule muuzaji alipokuja kukodi viti vya harusi ya binti yake, nilimwinamisha kwanza akatazama meno ya tairi, ndipo nikamfungulia stoo.

Lakini la nne, lile lililotoka kiwandani likiwa mbele kushoto, liliisha kabla ya nusu ya safari ya wenzake. Nililitia alama ya rangi nyeupe nisilipoteze, nikalipeleka nyuma, nikalipeleka kulia, nalo likazidi kulika upande wa ndani kama sabuni. Fundi mmoja akasema ni ekseli. Tukapima, ekseli haina neno. Wa pili akasema ni upepo, na upepo niliujaza kwa mkono wangu. Wa tatu akachoka na maswali yangu, akasema, "Hilo limezaliwa hivyo," nikamjibu kwamba yote yalizaliwa pamoja. Barabara moja, mzigo mmoja, dereva mmoja. Sikujua kwa nini, na mpaka leo ninapoongea nanyi sijui.

Lakini sikulitupa. Nendeni mkaangalie ukuta wa uani, pale pikapu inaporudi kinyumenyume kupakia. Nililifunga pale kwa mnyororo, na tangu siku hiyo ukuta ule haujapata ufa.

Mama yenu anacheka, ameshajua ninakoelekea. Ndiyo, ninyi watatu mmetoka kiwanda kimoja, na kiwanda chenyewe hicho hapo mlangoni kinanicheka. Mlikula chungu kimoja, mkazungushwa kama matairi yangu: leo wewe unakaa mbele karibu nami, kesho uko nyuma umeshikilia viti, leo wewe unaosha maturubai, kesho mwenzako, na aliyenung'unika aliongezewa zamu. Kifunguamimba ukapata ofisi, ukaenda mbali, ukatuheshimisha. Kitindamimba, binti yangu, ukashika usukani siku miguu yangu ilipokataa. Na wewe wa kati, ulikwenda kutafuta maisha, ukarudi huna kazi, huna mke, na maneno yamekuishia, ukaingia chumba cha nyuma ukakaa.

Hapo watu wakapata la kusema. Baba yenu mdogo, ndugu yangu wa tumbo moja, alimwita huyu wa kati tairi kipara mbele ya ukoo mzima, watu wakacheka, nami nikamnyooshea kidole mlango, na hajaukanyaga tena. Wengine waliniuliza kwa upole: mzee, kosa liko wapi, ni malezi, ni marafiki, ni chupa? Nikawaambia, mimi nimeshindwa kujua kwa nini tairi limeisha, tairi lisilo na moyo wala siri, ninyi mnanitaka nijue kwa nini mtu amechakaa? Mnajua viti vyote vilivyovunjika miguu vinapona mikononi mwa nani? Mnadhani vinajishona waya vyenyewe? Kuishiwa si kosa mpaka mtu aonyeshe kosa lilipo, na mimi niliinama chini ya gari lile kwa miaka, sikuliona.

Sasa sikilizeni, ndiyo sababu nimewaita. Asubuhi nilisikia jeki. Mtu akilala muda mrefu masikio yake hurefuka. Nikakusikia, kifunguamimba, ukimwambia dada yako, "Toa moja la nyuma, funga lile la spea, lina meno yote, halijagusa lami. Mnunuzi akija jioni aone gari lina afya. Na chumba cha nyuma tutakipangisha, huyu bwana atafute pa kwenda." Binti yangu akakujibu, "Kaka, baba hajafa." Nawe ukasema, "Ndiyo maana tufanye sasa. Akishakufa watakuwepo wengi wa kuuliza."

Usiinamishe kichwa. Mwaka mzima umenihangaikia hospitali hadi hospitali, na mtu aliyechoka husema maneno ya uchovu. Sina kinyongo nawe. Ila sikubali. Hata mkinibeba na godoro hili mkaniweka barabarani, sitakubali.

Kwanza hilo la spea. Mnaona meno, mnasema jipya. Umri wake ni ule ule wa pikapu. Inameni mtazame ubavuni, mtakuta nyufa nyembamba kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Mpira huzeeka hata ukikaa kivulini, mwanangu. Upe mzigo na jua la mchana, upasuke, na atakayekuwa kwenye usukani ni mtoto wa watu. Utakuwa umemuuzia kifo kinachong'aa. Usinikunjie uso, sisemi wewe ndiye spea. Nasema spea ni spea. Mzee akisema neno, ninyi mnakimbilia kutafuta fumbo.

Na mimi msinihesabu kwa meno. Daktari alinitazama akamwambia mama yenu, akidhani sisikii, kwamba sitamaliza mvua. Mvua zilikwisha, kiangazi kikaja kikapita, mvua zimerudi kunitazama, na mimi huyu hapa nagombana nanyi. Kama ni kuisha nitaisha, lakini si kwa kalenda ya mtu.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Haya. Nyumba ni ya mama yenu mpaka pumzi yake ya mwisho, na asihamishwe kama mzigo. Mtamtunza kwa zamu, nyote watatu, na wa mbali ataifuata zamu yake hata ikibidi apande basi la siku mbili. Asiwepo mmoja wa kuumia kona moja maisha yake yote. Hilo najua nalisema kwa sababu gani, na binti yangu anajua.

Chumba cha nyuma ni cha wa kati. Si cha kupangisha, si cha huruma, ni chake. Na wewe wa kati, sikuambii uchangamke, sikuambii uoe. Endelea kushona viti. Siku ukitaka kutoka, mlango unafunguka kwa ndani.

Pikapu haiuzwi. Ni ya binti yangu, pamoja na viti na maturubai. Atakayesema mtoto wa kike hawezi kushika gari la ukoo, asije kuniambia mimi maiti. Amfuate yeye, siku ya harusi mbili, akiwa anarudi kinyumenyume na mzigo umefika angani, amwambie hapo. Matairi yaliyoko chini sasa yatamfikisha mwisho wa mwaka. Anunue mengine, na asisikilize muuzaji anayemwambia hayafiki.

Kifunguamimba, wewe nakuachia neno la mwisho katika nyumba hii. Lakini si leo. Leo bado ni langu.

Siku ya kunizika msikodi viti kwa mtu, nitawacheka nikiwa chini. Na baba yenu mdogo aitwe. Apewe kiti cha mbele, kile chenye mgongo mzima, na asiulizwe kitu. Mimi sikumsamehe kwa mdomo, mpeni kiti.

Limebaki moja, na lifanyike sasa nikisikia. Shusheni lile la spea. Mkilitupa zima kuna atakayeliokota alifunge, kwa hiyo likatwe. Kifunguamimba, wewe ndiye utakayekata. Msikate usoni, kuna nyaya. Kateni ubavuni, kisu mkipake maji ya sabuni. Na wa kati akushikie, maana tairi huteleza, na wewe mikono yako ni ya karatasi. Usibishe. Nenda.

Binti yangu, wewe baki. Mama yenu, njoo ukae hapa, mkono wako uko wapi?

Mungu awape njia, na njia ikiwa mbaya awape subira. Msichekane. Aliyefika mbali asimcheke... aliyeishia karibu. Awape watoto watakaowashinda kwa maswali. Awape... nimesahau nilichotaka. Awape hicho.

Wamefika? Nasikia mnyororo. Wanaongea?

Anasema nini? Anamwambia, "Shika vizuri, kaka, nisikukate kidole." Amemwita kaka. Yeye ndiye mkubwa, na amemwita... Basi. Sawa.

Mnunuzi akija, binti yangu, umwambie mwenyewe kwamba haiuzwi. Mwambie kwa adabu, mpe maji, aende.

Hiyo ni sauti ya kisu. Ndiyo, ubavu huo, huo. Mpira mkavu unalia hivyo.

Anayekata ni mkubwa?

Na wa kati ameshika?

Haya, binti yangu. Funguo za pikapu ziko chini ya mto. Chukua.